"Usilie" ya Yesu na "usilie" yetu

Mazungumzo haya yalitolewa Iringa, kwa makatekista na walezi wa Utoto Mtakatifu, shirika la watoto Wakatoliki, Jumamosi ya mwisho kabla ya Novemba. Yanawekwa hapa yote kwa ajili ya walezi wa vigango vya mbali ambao hawakupata usafiri.

Tumsifu Yesu Kristo!

Baba Paroko, masista, makatekista wenzangu, mama zangu na baba zangu mnaolea watoto wetu: kamwene!

Nimeitwa nizungumze juu ya kumfundisha mtoto mdogo muujiza wa Naini, Yesu alipomfufua mwana wa mjane. Chini ya barua mkaongeza mstari mmoja: "na namna ya kuwafariji watoto wenye huzuni." Nilipousoma nikajua aliyeuandika si mgeni wa kazi hii. Maana Novemba hiyo imeshafika. Tarehe 2, siku ya Marehemu Wote, tutawapanga watoto mistari miwili, skafu shingoni, tutawapeleka makaburini. Naomba niulize. Nani hapa ana darasa ambalo halina hata mtoto mmoja aliyezika baba, au mama, au mdogo wake? Anyooshe mkono.

Sioni mkono.

Haya. Basi tunazungumza watu tunaojuana.

Nianze na hadithi yenyewe, kwa sababu tumeizoea mno, na jambo ukilizoea mno unalisimulia mbiombio. Luka sura ya 7, aya ya 11 mpaka ya 17. Aya saba tu! Mathayo hana habari hii, Marko hana, Yohana hana. Ni Luka peke yake. Kanisa linaisoma pia tarehe 27 Agosti, siku ya Mtakatifu Monika, yule mama aliyemlilia mwanawe Augustino miaka na miaka. Naini ni kijiji cha Galilaya, kama kilomita 10 hivi kutoka Nazareti, mwendo ambao mtu wa miguu anakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Yesu alikuwa karibu na kwao.

Unapowasimulia wadogo wa miaka mitano, sita, usianze na neno muujiza. Anza na lango. Waambie: kuna makundi mawili ya watu. Kundi la kwanza linaingia mjini, ndilo la Yesu na wanafunzi wake na watu wengi wanaomfuata. Kundi la pili linatoka mjini, limebeba maiti, linakwenda kuzika. Njia ni moja, lango ni moja. Je, nani atampisha mwenzake?

Waulize kabisa, uwaache wajibu. Watajibu haraka, kwa sababu wamelelewa. Msiba ukipita, unasimama pembeni. Anayevaa kofia anavua. Mwenye bodaboda anazima injini. Hata mlevi wa ulanzi, msiba ukipita, anajikaza asiyumbe. Ndivyo tulivyofundishwa na wazee wetu, na ni heshima nzuri.

Sasa waambie watoto: Yesu hakusimama pembeni. Yesu alikwenda mpaka katikati ya msiba, akaligusa jeneza, na waliolibeba wakasimama. Mazishi yakasimama! Mmewahi kuona mazishi yanasimamishwa njiani? Hapo watoto watatulia wenyewe, hutahitaji kupiga makofi kuwanyamazisha.

Kuna kitu kimoja kidogo mnisikilize. Biblia yetu inasema "jeneza," na mtoto wa hapa akisikia jeneza anaona lile la seremala, lina varnishi, lina mfuniko, lina misumari. Kuna mtoto wa kigango kimoja cha Kilolo alimsumbua katekista wake kipindi kizima: "Alikaaje kitako, na misumari?" Katekista akamwambia akae chini, kwa Mungu yote yanawezekana. Mtoto alikuwa na haki kuuliza. Wayahudi wa wakati ule walimfunga marehemu sanda, wakambeba juu ya kitu kama machela, wazi, bila mfuniko. Ndiyo maana kijana aliweza kuinuka na kuketi pale pale watu wote wakimwona. Ukilieleza hili mapema unaokoa kipindi.

Na wale wanaopenda kuigiza: igizeni, watoto wanapenda. Ila nawasihi, msimlaze mtoto kuwa maiti. Najua mnafanya, na wengine mmefanya kwenye sherehe mbele ya wazazi. Tandikeni mkeka, wekeni khanga iliyokunjwa, inatosha. Huwezi kujua ni mtoto yupi pale aliyemwona mdogo wake amelazwa hivyo hivyo Juni iliyopita.

Twende kwa mama. Luka anatuambia mambo mawili tu juu yake: ni mjane, na huyu alikuwa mwanawe wa pekee. Jina hatulijui. Mjane wa siku zile akimzika mwanawe wa pekee, amezika na chakula chake, na nyumba yake, na mtu wa kumsemea mbele za watu. Mama zangu mliopo hapa hamhitaji kufafanuliwa. Mmeshaona mashamba yanagawanywa hata matanga hayajaanuliwa.

Sasa swali, na hili nataka mlichukue mwende nalo nyumbani. Mama yule alimwomba Yesu nini?

(Sauti ukumbini: Amfufue mwanawe.)

Wapi? Someni. Fungueni, someni.

Hakuomba kitu. Yairo alipokuwa na binti mahututi alianguka miguuni pa Yesu, akamsihi sana. Martha na Maria walituma watu wakamwambie kwamba Lazaro ndugu yao ni mgonjwa. Mama wa Naini hakuanguka, hakutuma mtu, hakusema neno. Pengine alikuwa hata hamwoni Yesu kwa machozi. Wala Yesu hakumwuliza kama ana imani. Bwana alimwona, akamwonea huruma. Basi. Imetoka kwake Yesu mwenyewe.

Kwa nini nalisisitiza? Kwa sababu watoto wetu wanabeba hatia ambazo hatuzijui. Sista mmoja aliniambia habari ya binti wa miaka minane hivi, aliyeacha ghafla kusali rozari. Alikuwa mtoto wa kuongoza rozari kwenye jumuiya! Wakimpa, anaipitisha kwa jirani. Akigombezwa, analia. Sista akamchukua wakakaa nyuma ya jiko la parokia, wanachambua maharage, na kadiri maharage yanavyopungua ndivyo maneno yanavyotoka. Usiku mama yake alipofariki hospitalini, nyumbani walikuwa wanamsalia rozari. Yeye alisinzia kwenye tendo la tatu. Alipoamshwa aliambiwa mama hayupo tena. Mtoto akapiga hesabu zake: ningemaliza, mama angepona.

Mnaona? Amekaa na hesabu hiyo kifuani, na hakuna mtu mzima aliyejua.

Sista hakumpa mahubiri. Alimsimulia Naini, halafu akamwuliza, "Yule mama alisali Salamu Maria ngapi ndipo Yesu akamhurumia?" Binti akafikiri, akasema, "Sista, Salamu Maria si ilikuwa bado haijatungwa?" Wakacheka wote wawili. Kisha binti akasema polepole, "Hakusali hata moja." Sista akamwambia, "Hata moja. Na Yesu alimhurumia. Mama yako hakufa kwa sababu ulisinzia. Watoto husinzia." Rozari hakuishika siku ile wala wiki ile. Aliirudia kwa wakati wake.

Kwa hiyo mkifundisha muujiza huu, msifundishe kana kwamba ni zawadi ya mtu aliyeomba vizuri. Siku nyingine fundisheni sala, fundisheni kudumu katika kuomba, Injili zake zipo nyingi. Hii ya Naini iacheni iwe ilivyo.

Sasa nije kwenye neno lililonileta. Yesu alimwambia mama, "Usilie."

Tunalipenda neno hili, eti? Linatufaa. Mtoto akilia msibani tunalo tayari: usilie. Na tunaliongezea ya kwetu. Nyamaza, bibi naye atalia. Nyamaza, wageni wanakuangalia. Nyamaza, wewe ni mwanaume. Nyamaza, marehemu hapendi. Tunalisema tukiwa tunapita, tumebeba sufuria, macho yetu yako kwenye mchele. Na mtoto ananyamaza kweli. Tunajisifu: huyu mtoto ana moyo mgumu, hajalia hata kidogo.

Ndugu zangu, Yesu aliposema usilie, alikuwa anapita? Mwangalieni. Amemwona. Amemwonea huruma. Amesema. Amekaribia. Ameligusa jeneza. Amesema na kijana. Amempa mama yake. Usilie ya Yesu imezungukwa na kazi mbele na nyuma. Alisema usilie kwa sababu alikuwa anakwenda kuiondoa sababu ya kulia. Wewe unayemwambia mtoto usilie, sababu yake unaweza kuiondoa? Huwezi. Mimi pia siwezi. Basi neno hilo tumwachie mwenyewe, na sisi tuchukue yale mengine tunayoyaweza: kuona, kuhurumia, kukaribia, kusimama.

Na huyo huyo Yesu, kwenye kaburi la Lazaro, alilia machozi. Yohana 11, aya ya 35. Mfundisheni mtoto aya hiyo aishike kwa moyo, ni fupi, haimshindi hata wa chekechea: "Yesu akalia machozi." Hasa wavulana. Hasa wavulana wetu wa Iringa, kwa sababu sisi huku tunajidai wajukuu wa Mkwawa, chifu wa Wahehe, hatulii.

Hatulii? Mwaka 1898 Mkwawa alipojiua ili Wajerumani wasimkamate hai, kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mwaka 1919 suala la fuvu lile likaandikwa mpaka ndani ya Mkataba wa Versailles. Lilirudi mwaka 1954, na lipo Kalenga, hapo jirani, mmewapeleka watoto kulitazama. Hesabuni. Miaka 56 ukoo na kabila zima hawakusema "yameisha." Watu wazima, wapiganaji, walidai mtu wao miaka 56! Halafu mtoto wa darasa la kwanza tunamtaka asahau kabla turubai halijafunguliwa?

Tuendelee. Kuna swali ambalo kila mlezi analiogopa. Unamaliza kusimulia Naini, watoto wamefurahi, kijana amefufuka, mmeimba. Mkono mmoja unanyooshwa nyuma. "Mwalimu, mbona mama yangu hakufufuliwa?"

Mnajibu nini?

Nitawaambia tunavyojibu, maana nimeyasikia. Jibu la kwanza: "Mungu amempenda zaidi." Tumelirithi. Kila msiba linasemwa, linaandikwa hata kwenye mashada. Mtu mzima analielewa kwa namna yake, anajua ni maneno ya kupooza moyo. Mtoto halielewi hivyo. Nilisimuliwa mvulana mmoja wa upande wa Njombe, analelewa na bibi yake. Kila usiku bibi akisali, "Ee Mungu, tupende," mtoto anamziba mdomo kwa mkono. Kila usiku. Bibi alidhani ni utundu, akamchapa. Baadaye mama mdogo akamwuliza vizuri, akasema: "Mungu akimpenda bibi, naye atamchukua."

Mtoto yule alikuwa ameelewa sawasawa tulichomwambia. Tulimwambia kwamba Mungu akikupenda unakufa. Je, mtoto kama huyo utamfundishaje upendo wa Mungu? Utaanzia wapi?

Jibu la pili ni la safari. "Mama amesafiri. Mama ameenda Dar." Linasemwa kwa huruma, najua, hasa kwa wadogo kabisa, wanaopelekwa kwa jirani siku ya mazishi wasione. Mnapafahamu Ilula, basi likipunguza mwendo tu, wauza nyanya na vitunguu wanalikimbilia na ndoo zao. Katekista wa huko alimwona mtoto wa miaka mitano anakimbia katikati yao, mikono mitupu. Hauzi kitu. Anasimama chini ya madirisha ya mabasi yanayotoka Dar, anatazama nyuso moja moja mpaka basi linaondoka, kisha anangoja jingine. Nani alimweka pale barabarani? Sisi. Tulimwambia amesafiri, naye akaenda kumpokea.

Jibu la tatu, "amelala." Mtasema Yesu mwenyewe alilitumia kwa binti Yairo: "Kijana hakufa, bali amelala tu." Ni kweli, na watu wakamcheka sana. Lakini Yesu alisema amelala kwa sababu alikuwa anaingia ndani kumwamsha. Wewe huendi kumwamsha mtu. Ukimwambia mtoto mama amelala, usishangae mtoto huyo akianza kuogopa kulala, au kumtikisa bibi yake usiku wa manane aone kama ataamka.

Basi tuseme nini? Tuseme kweli, kwa maneno machache, kwa sauti ya kawaida. "Mama yako amekufa. Mwili wake umeacha kufanya kazi. Hapumui, hasikii njaa, hasikii maumivu, hasikii baridi. Hatarudi nyumbani. Tumemkabidhi kwa Mungu, na tunamwombea. Yesu ametuahidi kwamba atatufufua, na mama yako pia."

Hilo la baridi nimeliweka kwa makusudi. Mufindi, mwezi wa Juni, ule ukungu mnaoujua, mtoto alitaka kupeleka blanketi kaburini kwa baba yake. Watu wazima walimkataza tu. Hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba baba hasikii baridi. Kwake yeye, watu walikuwa wamemwacha baba nje usiku.

Na kwa lile swali lenyewe, mbona huyu alifufuliwa na wangu hapana, lazima mlezi mwenyewe awe ameelewa kwanza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 646, inawataja hawa watatu, binti Yairo, kijana wa Naini na Lazaro, na inasema wazi: walirudishiwa maisha haya haya ya duniani, na wakati wao ulipofika walikufa tena. Ufufuko wa Yesu ndio wa namna nyingine, yeye hafi tena.

Naona wengine mnatazamana. Ndiyo, kijana wa Naini alikufa tena. Waambieni watoto! Watashangaa, watauliza alikufa na nini, alizikwa wapi, mama yake alikuwepo? Hatujui, Luka hakuandika. Lakini mtoto aliyefiwa akisikia hivyo, kitu fulani kinakaa sawa. Kumbe yule kijana hakupewa kitu ambacho mama yangu alinyimwa milele. Kumbe lile la langoni lilikuwa ishara, Yesu anaonesha mapema atakachofanya kwa wote. Msiongeze falsafa hapo. Mwambieni: "Yesu alionesha mara moja pale Naini kwamba anaweza na kwamba anatuonea huruma. Siku ya mwisho atafanya kwa wote." Akiuliza, "Siku ya mwisho ni lini?" mwambieni hamjui. Ni jibu zuri kabisa, mtoto hadhuriki mwalimu akisema sijui. Akiuliza, "Lakini kwa nini si sasa?" na hilo pia mwambieni hamjui, na mkae naye.

Wakubwa kidogo, wa Komunyo ya Kwanza, mnaweza kuwaongezea Elia na mtoto wa mjane wa Sarepta, 1 Wafalme 17. Waulizeni wapi wameona maneno "akampa mama yake." Wanapenda sana kupata kitu wenyewe kwenye Biblia. Ndipo wataelewa kwa nini watu wa Naini walipiga kelele kwamba nabii mkuu ametokea.

"Akampa mama yake." Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, halafu nitawaachia.

Yesu angeweza kumwambia yule kijana, nifuate. Aliwaambia wengine hivyo. Huyu hakumchukua. Alimrudisha kwa mtu wake. Kazi ya faraja haikuishia kwenye muujiza, iliishia mikononi mwa mama. Hata binti Yairo alipoinuka, watu wote wameduwaa, Yesu aliagiza apewe chakula. Chakula! Nyanda za Juu Kusini, mtoto aliyefiwa tunamrudisha kwa nani? Tunajua. Kwa bibi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2011/12 uliikuta Njombe inaongoza nchi nzima kwa maambukizi ya VVU, asilimia 14.8, wakati taifa zima lilikuwa asilimia 5.1. Tarakimu hizo mwenzenu nikizisoma naona nyumba. Naona mabibi wa Makete na Ludewa na Mufindi waliozika watoto wao kisha wakafunga mgongoni wajukuu. Kila mmoja wao ni mjane wa Naini ambaye mwanawe hakuinuka.

Kwa hiyo unapomfariji mtoto, uliza: bibi yuko vipi? Mtoto hawezi kutulia katika nyumba ambayo mkubwa wake anavunjika peke yake. Nendeni mkamwone bibi. WAWATA, wanawake Wakatoliki, wapo, jumuiya ipo, msingoje tangazo la Dominika.

Na watumieni watoto wenyewe. Askofu Forbin-Janson alipoanzisha Utoto Mtakatifu kule Ufaransa mwaka 1843, alianza na kitu kidogo, Salamu Maria moja kwa siku na sarafu moja kwa mwezi, watoto wawasaidie watoto. Skafu tunazozifunga zimetoka huko, si za kupendezea picha. Katika kigango kimoja cha huku kwetu, mwenzao alipofiwa na baba, watoto walitumwa na mlezi wakamtembelee. Aliwafundisha njiani maneno ya pole, wakayakariri. Walipofika wakayasahau yote. Mmoja akatoa viazi vitatu vya kuchemsha mfukoni, vimeshapondeka, akampa. Mwingine akauliza, "Unakuja kucheza kombolela?" Mfiwa akatoka. Mlezi alikasirika, akaniambia watoto wamemwaibisha kwenye msiba wa watu. Mimi nikamwuliza: yule mtoto alikuwa ametoka nje lini mara ya mwisho? Akasema, tangu mazishi.

Hayo mengine nayapitia haraka kwa sababu Baba Paroko ananitazama na saa imekwenda.

Mtoto akicheka msibani, akicheza, usimgombeze. Huzuni ya mtoto inakuja na kuondoka, asubuhi analia, saa nne anafukuza kuku. Haina maana amesahau.

Mkimfariji mtoto, mfarijini mahali pa wazi, watu wanapoona. Yule sista alikaa nyuma ya jiko, lakini mlango wa jiko ulikuwa wazi na wapishi wanapita. Mlezi yeyote, awe nani, hamwiti mtoto mwenye huzuni chumbani peke yake. Hili halina mjadala.

Ikiwa wiki zinapita na mtoto hali, halali, anajikojolea wakati alishaacha, anapigana kila siku, au anasema anataka kumfuata mama yake, usibaki nalo. Mwambie paroko, mwambie mwalimu wake wa shule, afikishwe kwa afisa ustawi wa jamii au hospitali. Na kama anasema anataka kumfuata mama, usihesabu wiki, ni siku hiyo hiyo. Kusali tutasali, na tutampeleka.

Mwisho, tarehe 2 yenyewe. Kabla ya kutoka kanisani, mwambieni kila mtoto atakachokiona, na kwamba anayetaka kubaki kanisani na sista anaruhusiwa, bila kuchekwa. Msisome majina ya marehemu wa watoto kutoka kwenye daftari, mwacheni kila mtoto aseme mwenyewe jina la mtu wake. Wengine watasema "mama" tu, jina hawalijui, msiwasahihishe. Watoto wote wajibu "Raha ya milele umpe, ee Bwana," kila jina. Itachukua muda mrefu, najua, na jua la Novemba linachoma. Punguzeni hotuba za watu wazima. Atakayelia, mlezi wake asimame karibu naye, asimtoe kwenye mstari kama aliyefanya kosa. Wasiokuwa na kaburi la kwenda, kwa kuwa wao walizika Songea au Kigoma, waoneshwe msalaba mkubwa wa katikati, waweke maua hapo. Na baada ya sala pawe na uji, uwe tayari, sukari msiibanie.

Masista wameniambia vikombe vipo, vinapungua kidogo, kwa hiyo vigango viwili vya mwisho mje na vyenu. Sasa maswali. Sista Mkuu ana maiki. Tuanze na yule mama wa nyuma aliyesema "amfufue mwanawe," nimemwona ameshafungua Biblia, ana la kunijibu.